Sekunde nne za kudanganya umri: dhana potofu kuhusu kumlinda mtoto mtandaoni

Mpwa wangu ana miaka 11. Juzi nilimkuta anafungua akaunti kwenye programu ya video. Alipofika kwenye tarehe ya kuzaliwa hakusita hata kidogo: kidole gumba kikavuta miaka chini mara tatu, kikasimama kwenye mwaka ambao mama yake alikuwa bado mwanafunzi, akabonyeza "endelea". Sekunde nne. Nilipomuuliza, mimi ndiye nikaonekana wa ajabu: "Mjomba, mbona wote tunafanya hivyo?"

Sekunde hizo nne nazikumbuka kila ninaposikia watu wazima wakijadili sera za kitaifa za usalama wa watoto mtandaoni. Mengi yanayosemwa kwenye mijadala hiyo yanamhusu mtoto ambaye hayupo.

"Tukiweka kikomo cha umri, tumemaliza"

Wengi wanaamini miaka 13 iliwekwa kwa sababu wataalamu waliona ndipo mtoto anapokomaa. Sivyo. Inatokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayozikataza kampuni kukusanya taarifa za mtoto wa chini ya miaka 13 bila ridhaa ya mzazi. Ilikuwa sheria ya data. Kampuni zikaona rahisi kuandika "lazima uwe na miaka 13", dunia nzima ikaizoea. Umoja wa Ulaya, katika kanuni zake za data zilizoanza kutumika 2018, uliweka miaka 16 na kuziruhusu nchi wanachama kushuka hadi 13.

Australia imekwenda mbali zaidi. Tangu tarehe 10 Desemba 2025, mitandao mikubwa ya kijamii inatakiwa kuchukua hatua za kuzuia walio chini ya miaka 16 wasiwe na akaunti. Hapa ndipo watu wanapoielewa vibaya: sheria hiyo haimwadhibu mtoto wala mzazi. Faini, inayoweza kufika dola za Australia milioni 49.5, ni ya kampuni. Unaweza kuipenda au kuipinga, na mimi mwenyewe nina wasiwasi na watoto watakaohamia kwenye programu zisizosimamiwa na mtu yeyote, lakini imeuweka mzigo panapostahili. Kikomo kinachotegemea mtoto kutaja umri wake mwenyewe ni mlango usio na komeo.

"Watoto wa siku hizi wamezaliwa na simu, watatufundisha sisi"

Hii ndiyo dhana inayoniumiza zaidi, kwa kuwa inawapa wenye kupanga bajeti kisingizio cha kutofundisha. Mwaka 2018 wanafunzi wa darasa la nane katika nchi 12 walipimwa katika utafiti wa kimataifa wa stadi za kompyuta na taarifa, ICILS. Waliofika ngazi ya juu kabisa, yaani wenye uwezo wa kutafuta taarifa wenyewe, kuipima na kuitumia kwa umakini, walikuwa asilimia 2 tu. Na wengi wa watoto hao walikulia penye vifaa tele.

Kasi ya kidole si ujuzi. Mwombe mtoto atafute dawa ya mafua, kisha muulize ni matokeo yapi kati ya yale ya juu yamelipiwa. Muulize nani mwingine anaweza kuiona picha aliyoiweka jana, na kama akiifuta inafutika kweli. Hapo utaona anavyobabaika, tena bila aibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna swali.

Ndugu wa dhana hii ni ile inayosema kompyuta zikifika shuleni, ujuzi umefika. Kompyuta bila mwalimu aliyeandaliwa huishia kufunikwa kitambaa. Sera iliyo makini inatenga fedha za kumfundisha mwalimu, na inaingiza somo lenyewe kwenye mtaala badala ya kulifanya semina ya siku moja.

"Hilo ni jukumu la wazazi"

Ni lao, lakini si lao peke yao. Mzazi hawezi kubadilisha namna programu ilivyoundwa. Uingereza ina mwongozo wenye viwango 15 kwa huduma zinazotumiwa na watoto, na kampuni zimetakiwa kuufuata tangu Septemba 2021. Unataka mipangilio ya faragha iwe ya juu tangu mwanzo na ufuatiliaji wa mahali mtoto alipo uwe umezimwa, labda pawe na sababu nzito ya kufanya vinginevyo. Hayo hakuna mama anayeweza kuyapata kwa kugombeza.

"Kulinda ni kunyima"

Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unampa mtoto ulinzi dhidi ya unyonyaji, na humo humo unampa faragha, haki ya kupata taarifa na haki ya kusikilizwa. Mwaka 2021 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayousimamia ilitoa Maoni ya Jumla Namba 25, yanayosema haki zote hizo zinafika hadi mtandaoni. Kabla ya kuyaandika, watoto na vijana 709 wa nchi mbalimbali waliulizwa maoni yao. Natamani kila wizara ingeanza hivyo.

"Adui ni mgeni, na mwathirika ni msichana"

UNICEF, Interpol na ECPAT, mtandao wa mashirika yanayopinga unyonyaji wa kingono wa watoto, walichunguza unyanyasaji wa kingono wa watoto mtandaoni katika nchi 13 za Afrika na Asia, Kenya, Tanzania na Uganda zikiwemo. Mara nyingi aliyemdhuru mtoto alikuwa mtu anayemfahamu. Na wavulana hawako salama: FBI, shirika la upelelezi la Marekani, imeonya kwamba ulaghai wa kumrubuni mtoto atume picha za utupu, kisha kumtishia ili alipe pesa, huwalenga zaidi wavulana wa miaka 14 hadi 17.

Uchunguzi ule ule uligundua kwamba watoto wengi walinyamaza. Nikakumbuka kumuuliza mpwa wangu: mtu akikutumia kitu kibaya usiku, utamwambia nani?

Alifikiri kidogo. "Sisemi. Mama atachukua simu."

Jioni ile tulikaa watatu. Akaunti aliifuta mwenyewe, akinung'unika. Dada yangu akamwahidi mbele yangu kwamba siku atakayokuja kusema jambo la namna hiyo, simu haitaguswa. Mtoto akauliza, "Hata kama mimi ndiye niliyeanza kumjibu?"

Dada akasema, "Hata kama."