Troponini iliyopanda baada ya ablesheni ya moyo: dhana na ukweli

Mgonjwa wa Tukuyu au Makambako aliyekwenda Dar es Salaam kutibiwa mapigo ya moyo yaliyovurugika hurudi na bahasha ya majibu, na mara nyingi anayeifungua kwanza ni kijana wa nyumbani mwenye simu mkononi. Jicho lake hutua kwenye mstari wa troponini, penye namba kubwa na herufi H (yaani iko juu ya kawaida) pembeni, kisha husema kwa uchungu: "Baba alipata shambulio la moyo, wakatuficha." Dhana hii huwanyima watu usingizi bure.

Troponini ni protini iliyomo ndani ya chembe za misuli ya moyo. Katika ablesheni, ndiyo matibabu aliyopata mgonjwa huyo, daktari hupitisha katheta (mrija mwembamba) kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, akaunguza kwa makusudi sehemu ndogo inayovuruga umeme wa moyo. Chembe hizo zinapokufa, protini yake humwagika kwenye damu. Kupanda huko hutarajiwa karibu kwa kila mgonjwa, hufikia kilele ndani ya siku ya kwanza hivi, kisha hushuka kwa siku kadhaa. Shambulio la moyo ni jambo jingine, yaani kuziba kwa mshipa unaoulisha moyo damu, na baada ya ablesheni halithibitishwi kwa troponini peke yake.

Wapo pia wanaoamini kwamba namba ikiwa kubwa, daktari alikosea. Ukubwa wake hutegemea eneo lililotibiwa na njia iliyotumika: kugandisha kwa baridi na kuunguza kwa joto la mawimbi ya redio, kwa mfano, huweza kuipandisha kwa viwango tofauti.

Majibu ya damu kuonekana mazuri hakumruhusu mtu kuacha dawa za kuzuia damu kuganda. Aliyetibiwa mpapatiko wa atria (vyumba vya juu vya moyo kutetemeka ovyo) huzitumia kwa angalau miezi miwili, na baada ya hapo uamuzi hufuata hatari yake ya kiharusi: umri, shinikizo la damu, kisukari, kiharusi cha zamani.

Dhana ninayoihofia zaidi inahusu CRP. Kipimo hiki cha uvimbe wa ndani hupanda siku mbili tatu za mwanzo kwa sababu kidonda kinapona, na mtu akakimbilia duka la dawa kununua antibiotiki asizozihitaji. Kinyume chake, homa inayoanza wiki moja hadi takriban nane baadaye, ikiandamana na maumivu ya kifua, shida ya kumeza au kupooza upande mmoja, huitwa malaria na kuachwa. Kwa aliyetibiwa mpapatiko wa atria, huenda pametoboka kati ya moyo na umio (njia ya chakula). Ni nadra, lakini huua. Apelekwe siku hiyohiyo hospitali kubwa yenye CT skani, na daktari aambiwe mapema kuhusu ablesheni, ili asiingizwe mpira wa kuchunguza tumbo kupitia kooni, kwa kuwa hewa inayopulizwa humo inaweza kupenya moyoni na kufika kwenye ubongo.