Kifaa cha kupunguzia ganda la risasi: maana yake na namna ya kukichagua

Ganda la risasi ya bunduki ya kuwindia hutengenezwa kwa aloi ya shaba na zinki, kwa kawaida shaba asilimia 70 na zinki asilimia 30. Risasi inapofyatuliwa, ganda hutanuka na kubana kuta za chemba, yaani nafasi ya bunduki inamokaa risasi. Likirudishwa kwenye umbo lake kwa kusukumwa ndani ya kalibu, ili lijazwe upya na kutumika tena, madini yake husogea kuelekea shingoni na ganda likarefuka. Kifaa cha kupunguzia ganda ndicho kinachokata ziada hiyo mdomoni.

Ganda la .308 Winchester, aina mojawapo ya risasi za kuwindia, halipaswi kuzidi milimita 51.18, na kipimo kinachozoeleka cha kulikatia ni 50.93. Hiyo ni robo ya milimita tu, lakini ganda likizidi mno, mdomo wake hugota mwisho wa chemba na kukibana kichwa cha risasi, na kichwa kinapochelewa kuachiwa, mgandamizo wa gesi huweza kupanda kupita kiwango ambacho bunduki inahimili.

Aliyewahi kusimama kando ya fundi wa kukereza katika karakana za Dodoma hatapata shida kuelewa kazi yenyewe. Ganda hushikwa kitakoni, kipini cha kuongoza huingia shingoni, kisha kisu kidogo huzungushwa kwa mkono hadi kigote kwenye kizuizi. Chembe za rangi ya dhahabu hudondoka, na mdomo hubaki ukimeta, wenye makali ya kukwaruza kidole. Makali hayo hulainishwa ndani na nje, la sivyo yatakwangua kichwa kipya.

Katika kuchagua, mimi hutanguliza kizuizi kuliko mota ya kuzungushia kisu. Kata maganda matano, yapime urefu kwa kalipa, kipimio cha vipande vidogo, na yakitofautiana kwa zaidi ya milimita 0.05, kifaa hicho kiache. Kipini nacho lazima kilingane na kipenyo cha shingo.

Hapa nchini, ikumbukwe, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kwa hiyo mwenye bunduki aliyeko Kondoa au Manyoni aanzie polisi, si dukani.

Kwa mwenye ruhusa, vipimo vyote vichukuliwe baada ya ganda kutoka kwenye kalibu, kwa sababu lililokatwa kabla litarefuka tena humo humo.