Kabla ya kushika GPS, shika stafu

Mzazi mmoja aliyemleta kijana wake chuoni alisimama chini ya mwembe akiwatazama wanafunzi wa upimaji ardhi wa mwaka wa kwanza wanavyohangaika juani na levo, kifaa cha kupimia tofauti za vimo vya ardhi. Akaniuliza, "Mwalimu, hawa darasani wanaingia saa ngapi?" Nikamwambia kipindi kinaendelea, ndicho kile anachokiona.

Zoezi lenyewe ukilisikia ni jepesi. Wanaanza kwenye alama yenye kimo kinachojulikana, wanazunguka kilometa 1, wanarudi palepale. Ukijumlisha kupanda na kushuka kote, jibu liwe sifuri. Haliwi sifuri kamwe. Kwa mzunguko huo tunaruhusu tofauti ya milimita 12. Kundi la siku ile lilirudi na 34.

Hapo ndipo masomo yanapoanza. Aliyeshika stafu, ile fito ndefu yenye namba inayosomwa kwa levo, aliiinamisha? Miguu ya levo ilizama mchangani? Mwandishi alisikia vibaya? Na hapo pia ndipo kishawishi cha kupika data kinapoingia: rekebisha namba moja, mzunguko ufunge, yaani tofauti iingie ndani ya kiwango, mkale. Kwa sababu hiyo hatuwaruhusu kufuta chochote kwenye daftari la fildi. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya namba, andika sahihi pembeni, ile ya kwanza iendelee kusomeka. Mimi nalihesabu hili kuwa somo kubwa kuliko yote ya mwaka wa kwanza, maana michoro ya hawa vijana kesho ndiyo itakayoamua ukuta wa nani umeingia kiwanja cha nani.

Fikiria pembe iliyokosewa kwa dakika 1 tu, yaani sehemu 1 kati ya 60 za digrii. Umbali wa mita 100 inakutoa milimita 29; umbali wa kilometa 1 ni karibu sentimita 29. Au tepu ya chuma ya mita 30: joto likizidi kwa nyuzi 20 juu ya lile ambalo urefu wake ulithibitishwa, inarefuka kiasi cha milimita 7. Kwenye kitabu hiyo ni fomula. Aliyeacha tepu juani saa saba mchana, akapima ubavu uleule aliopima asubuhi na kupata namba nyingine, hahitaji kukumbushwa tena.

"Lakini siku hizi kuna GPS." Ipo, na tunaifundisha, pamoja na totali stesheni, kifaa cha elektroniki kinachopima pembe na umbali, na ndege nyuki. Ila viwanja vingi vya Tanzania vilipimwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kutaja mahali kwa namba, wakati simu yako inasoma mfumo mwingine, WGS84. Ukichanganya viwili hivyo bila kubadili, utajikuta karibu mita 300 kutoka kwenye bikoni (jiwe la mpaka) unayoitafuta, huenda mtaa mwingine kabisa. Kifaa hakitakuonya. Mwanafunzi aliyewahi kutembea na mchoro wa zamani mkononi akitafuta jiwe la mpaka vichakani ndiye anayeshtuka mapema.

Kwa anayetaka njia hii, Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam ndicho kinachofahamika zaidi. Kilianza mwaka 1956 kama kituo cha kufundishia upimaji, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Vyuo vya Ardhi vya Tabora na Morogoro hutoa cheti na diploma, na wapo wapimaji hodari walioanzia huko wakapanda. Hisabati ni lazima iwe imara. Fizikia na jiografia zitamsaidia sana.

Mzazi, ukienda kutembelea chuo chochote cha ufundi au uhandisi, usiishie kwenye jengo jipya. Omba uone stoo ya vifaa. Uliza kifaa kimoja kinatumiwa na wanafunzi wangapi, maana kundi likiwa la kumi na wawili, wawili wanajifunza na waliobaki wanashika stafu kwa zamu. Uliza mafunzo ya vitendo ni wiki ngapi, na nani huwafuata huko kazini.

Lile kundi la milimita 34 lilirudia mzunguko mzima alasiri, likalinganisha kila hatua na ya asubuhi. Kati ya pointi ya tatu na ya nne ilikosekana milimita 27: mtu alisoma mita 1.374 kwenye stafu, mwenzake akaandika 1.347. Walifunga kwa 7.