Hana maadili au hana adabu?

Jana pale Mkunguni kijana mmoja wa koleji alikuwa akilalama ati mkutubi wao hana maadili, nikamuuliza kafanya nini, akasema kamtoa nje ya maktaba mana alikuwa akiongea na simu. Basi? Basi. Na si mara ya kwanza kusikia neno hili likitupwa hivo.

Maadili ya kazi, kwa kifupi, ni yale wenye kazi yao wamekubaliana kuwa ni haki kuyatenda na yale ambayo kwao ni mwiko. Wakutubi yao yameandikwa kabisa, IFLA, lile shirikisho lao la dunia nzima, walitoa kanuni mwaka 2012, na humo imo kwamba anachosoma mtu ni siri baina yake na maktaba.

Sasa adabu na maadili watu huyachanganya mana yote yametoka kwenye Kiarabu na yote yanukia ustaarabu, lakini hayana undugu. Aliyepita chuoni, na nasema chuo cha Kuruani si koleji, anajua adabu yaanza na herufi alifu, adili, iliyozaa maadili, yaanza na herufi ain, mizizi mbali mbali kabisa. Adili ni hiyo hiyo ya uadilifu, yaani haki, usimpunje huyu ukampendelea yule. Adabu ni namna ya kukaa na watu. Sisi twasema maadili tukikusudia salamu na sauti ya chini.

Nilipokuwa nasoma mimi kulikuwa na mkutubi mpole ajabu, "karibu mwanangu, mama hajambo?", na chini ya kaunta kitabu cha uhasibu nakala moja tu darasa zima latafuta, yeye amekitia mfuko wa nailoni anamwekea mpwawe, faini apokea mkononi risiti huioni, na ukiuliza nani kachukua kitabu fulani akufungulia rejista usome majina mwenyewe. Adabu alikuwa nazo tele yule.

Nikamwambia kijana, mwanangu, kama alikukaripia mbele ya wenzio sema hana adabu, hapo hata mimi nitakuunga mkono, hilo la maadili mwekee mpaka umkute anaficha vitabu.

Akacheka. "Sawa mzee, ila alinikaripia kwelikweli."