Rahisi haivunji upishi: niliyoyaona nyuma ya kaunta ya duka la bei poa

Mama mmoja wa kutoka Uvira, Kongo, aliyekuwa na wiki mbili tu hapa Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani, alisimama mbele ya safu ya matoroli ya duka la bei poa akanitazama kama mtu aliyeletwa mtegoni. Matoroli yamefungwa mnyororo, na mnyororo haufunguki mpaka utumbukize sarafu ya senti 25.

"Mwanangu, yaani hata kusukuma kigari tunalipa?"

Nikamwambia, hapana mama, ukikirudisha kigari na hela yako inarudi. Hakuniamini, ila akatumbukiza. Tulipoingia ndani akakuta maziwa, makopo na mikate imekaa ndani ya maboksi yaliyochanwa, hakuna muziki, hakuna muuzaji wa kumwelekeza. Halafu akaona bei. Uso wake ukasema kile ambacho bibi yangu wa Pangani angekisema kwa mdomo: rahisi inavunja upishi.

Kabla sijaanza kazi ya kuwafundisha wageni manunuzi, nilikaa miaka sita kwenye duka la aina hiyo. Asubuhi nilikuwa napanga rafu, mchana nakaa kwenye mashine kama keshia. Wateja wengi wa kwetu wanaogopa bei ya chini kwa sababu hawajui imetoka wapi, wanahisi lazima chakula kimeoza au kimeibwa. Ukweli ni kwamba sababu za ile bei karibu zote zimewekwa wazi pale dukani, ukijua pa kuangalia.

Anza na lile toroli. Duka la kawaida linamlipa mtu wa kuzunguka maegesho kukusanya matoroli kwenye jua na kwenye theluji. Hapa sarafu yako ya robo dola ndiyo inayofanya kazi hiyo. Njoo kwenye rafu. Kwingine mfanyakazi anatoa makopo moja moja kwenye boksi na kuyapanga yatazame mbele. Sisi tulikuwa tunachana uso wa boksi na kulisukuma zima zima: makopo 12 kwa mkono mmoja. Sasa geuza pakiti yoyote ya pale. Ile mistari myeusi inayosomwa na mashine utaikuta imechapwa pande mbili, tatu, mara nyingine imezunguka pakiti yote, ili keshia asipoteze hata sekunde moja ya kuigeuza. Keshia mwenyewe amekaa kwenye kiti, anapitisha vitu kama anayekimbizwa, na anavitupia kwenye toroli bila kufungasha. Kasi yetu ilikuwa inapimwa na kubandikwa ukutani, jambo ambalo mpaka leo linanikera, lakini ndiyo hesabu yenyewe. Mifuko uje nayo. Kufungasha utafungasha mwenyewe, kwenye ile meza ndefu karibu na dirisha.

Kwa maneno mengine umeajiriwa na duka kwa nusu saa, na mshahara wako umeandikwa kwenye risiti.

Mtindo huu ulizaliwa Ujerumani. Mwaka 1913 Anna Albrecht alifungua duka dogo la vyakula mjini Essen. Baada ya vita kuu ya pili, mwaka 1946, wanawe wawili, Karl na Theo, wakalichukua. Nchi ilikuwa magofu, mtaji mdogo, wakawa wanauza vitu vichache tu, wakisubiri hali itengemae ndipo wajaze rafu kama wengine. Wakagundua wateja hawalalamiki. Wanataka unga, siagi, sukari, kwa bei ndogo, basi. Miaka ya 1960 duka likaanza kuitwa Aldi, kwa kufupisha Albrecht Diskont, na wakati huo ndugu walikuwa wameshagawana Ujerumani, mmoja kaskazini mwingine kusini. Walichogombania, kwa mujibu wa simulizi inayojulikana sana, ni kama wauze sigara au wasiuze. Aldi iliingia Marekani mwaka 1976, na iliingilia hapa hapa Iowa. Mshindani wao Lidl alikuja baadaye sana, mwaka 2017, upande wa pwani ya mashariki.

Uchache wa vitu ndio moyo wa biashara. Duka kubwa la kawaida la Marekani lina aina 30,000 au zaidi za bidhaa. Duka la bei poa lina kama 2,000. Mfanyabiashara wa Kariakoo ataielewa hesabu hii bila kuchorewa: anayechukua katoni 500 za aina moja ya nyanya za kopo hazungumzi bei na kiwanda sawa na anayechukua katoni 5 za aina 100. Tena bidhaa ikiwa moja, stoo inakuwa ndogo, mzigo hauzeeki, na jengo halihitaji kuwa kama uwanja wa ndege.

Sasa swali ninaloulizwa kila darasa: mbona majina ya pale hatuyajui? Kwa sababu nyingi ni chapa za duka lenyewe. Duka linaagiza kiwandani, linabandika jina lake, halilipii matangazo ya televisheni. Mara nyingine kiwanda ni kile kile kinachotengeneza chapa maarufu, ingawa hakuna atakayekuandikia hivyo kwenye kopo. Kuna sehemu moja siri hii huvuja. Kiwanda kikigundulika na kasoro, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani hutoa tangazo la kurudisha bidhaa, na tangazo hilo hutaja majina yote yaliyotoka kwenye kiwanda hicho. Soma machache tu. Utaona mboga moja ya kugandishwa ina majina sita, ya bei sita, kutoka mashine moja. Sisemi kila kitu kinafanana. Mapishi ya sosi au biskuti yanaweza kutofautiana hata kama tanuri ni moja. Lakini sukari, chumvi, unga wa ngano, maziwa, maharage ya kopo? Hapo ukilipia jina umelipia jina.

Hayo ni ya duka. Yanayofuata ni ya mnunuzi, na hapa ndipo watu wanapoteza hela hata ndani ya duka la bei poa.

Nyumbani tumezoea kupima kwa jicho. Fungu la nyanya unaliona, kisado cha viazi unakiona kimejaa au kimepigwa ujanja wa kitako, na muuzaji ukimkazia macho anaongeza nyongeza. Huku jicho halikusaidii. Boksi la nafaka za asubuhi limetengenezwa pana usoni na jembamba ubavuni. Chupa ya sharubati imebonyezwa chini. Pakiti ya mwaka jana na ya mwaka huu zinalingana kwa urefu, bei ile ile, lakini gramu zimepungua. Kitu pekee kisichojua kujipamba ni namba ndogo iliyo kwenye lebo ya rafu, pembeni ya bei kubwa: bei kwa aunsi, au kwa pauni. Wengi hawaioni kabisa. Na si kila duka linaiweka, maana serikali kuu haiilazimishi, yapo majimbo yanayoilazimisha na yapo yasiyojali. Isipokuwepo, toa simu, gawanya bei kwa uzito au ujazo.

Chukua mafuta ya kupikia. Chupa ya aunsi 48 za ujazo inauzwa dola 4.32. Dumu la galoni moja, yaani aunsi 128, dola 12.80. Darasani kwangu kila mtu ananyoosha mkono kuelekea dumu, kwa sababu tumelelewa tukijua jumla ni nafuu kuliko rejareja. Gawanya. Chupa ndogo ni senti 9 kwa aunsi, dumu ni senti 10. Wenye maduka wanajua kwamba hatugawanyi. Uangalie pia mtego wa vipimo viwili: lebo moja imeandikwa kwa aunsi, ya jirani yake kwa pauni, na pauni moja ni aunsi 16 za uzito. Ukilinganisha namba hizo moja kwa moja umejidanganya mwenyewe.

Hata pale dumu linaposhinda kwa hesabu, uliza nyumbani mko wangapi. Mfuko mkubwa wa mchicha uliooza nusu yake umeununua mara mbili.

Kuhusu tarehe nitakuwa mfupi. Huko tulikotoka tarehe ikipita ni sumu, ndivyo tulivyofundishwa. Marekani, ukiacha maziwa ya unga ya watoto wachanga, sheria ya serikali kuu haidai tarehe hizo. Mwenye kiwanda huandika mwenyewe. "Sell by" ni ujumbe kwa duka: liuze kabla ya siku hii. "Best by" ni ladha: baada ya hapo biskuti inaweza kulegea. Ndiyo maana vitu vinavyokaribia tarehe hupigwa bei, na mkate wa namna hiyo ukiugandisha siku hiyo hiyo hauna shida. Maziwa ya mtoto yaliyopita tarehe usiyaguse. Na kopo lililovimba, linalovuja, au lililobonyea kwenye mshono, liache hata likiwa la bure, kwani bakteria anayekaa humo hasomi tarehe.

Sasa yale ya jikoni kwetu, ambako duka la bei poa halifai, na sioni aibu kukwambia.

Wiki yangu ya kwanza Marekani nilinunua unga wa mahindi, mweupe, bei ya kutupa. Nikachemsha maji, nikasonga. Ugali ukaanza kupumua. Ukavimba kwenye sufuria kama maandazi, ukawa na chumvi, na ukawa na mashimo kama sifongo ya kuogea. Mume wangu akaukata kwa kijiko akauliza hii ni keki ya nini. Kwenye pakiti palikuwa pameandikwa "self-rising", maana yake umeshatiwa bekingi pauda na chumvi, kwa ajili ya mikate yao ya mahindi. Mimi nilisoma neno la mahindi tu nikatosheka. Unga wa ugali nenda duka la Waafrika, na ukiwa huna njia basi tafuta mweupe uliosagwa laini, usome orodha ya viungo: pawe na neno moja tu, mahindi.

Tui nalo. Sisi wa Tanga hatuhitaji kufundishwa tofauti ya tui la kwanza na tui la pili. Kopo lililoandikwa "lite" ni tui la pili, umelipia maji. Bei yake ikiwa senti chache tu chini ya lile zito, nunua zito ulizimue mwenyewe kwa maji ya bomba. Mchele, dengu, iliki, mdalasini na bizari, chukua kwa Wahindi au Waasia. Vichupa vya viungo vya dukani ukivipigia hesabu ya kwa aunsi utakaa chini. Mapaja ya kuku ya mfuko mkubwa, mayai, maziwa, ndizi, vitunguu, karoti, nyanya za kopo, siagi, jibini: hapo duka la bei poa halina mpinzani, na mimi bado ni mteja wao.

Mpaka ufike njia ya katikati.

Kila duka la mtindo huu lina njia moja isiyo na chakula. Kila wiki inabadilishwa: leo mahema, wiki ijayo sufuria za chuma, kisha soksi, taa za bustani, mashine ya kutengenezea popukoni. Mzigo ni mchache, ukiisha umeisha, na hilo unalijua, kwa hiyo mkono unatangulia akili. Niliipanga njia ile kwa miaka sita. Nilikuwa najua kabisa imewekwa pale ili aliyeokoa dola 18 kwenye chakula aziache zote kabla hajafika kwa keshia. Na kwenye stoo yangu, ukifungua mlango, kuna kayaki ya kujaza upepo. Sijui kuogelea.

Nimewahi kumwonyesha yule mama wa Uvira picha ya kayaki hiyo. Alicheka mpaka akakaa. Sasa anakwenda dukani bila mimi, siku za katikati ya wiki asubuhi, na orodha aliyoandikiwa na mjukuu wake. Mara ya mwisho nilimkuta anapanga vitunguu kwenye mfuko juu ya ile meza ya dirishani, taratibu, vizito chini na mikate juu. Tukatoka pamoja. Akalisukuma toroli mpaka kwenye mnyororo, sarafu ikaruka, akaipangusa na kuifunga kwenye pindo la kitenge chake kwa fundo dogo. Nikamuuliza kwa nini haiweki kwenye pochi.

"Hii ni ile ile ya siku ya kwanza," akaniambia. "Sijawahi kuitumia."