Siku tatu za Kino

Nafundisha falsafa ya siasa, na mwanafunzi akiniuliza aanzie wapi kabla hajajitosa kwa Plato, siku hizi namwelekeza kwenye "Kino no Tabi". Ni mfululizo wa Keiichi Sigsawa ulioanza kuchapwa Japani mwaka 2000: vitabu vidogo vya mfukoni, vya vijana, vyenye michoro ya Kouhaku Kuroboshi. Jalada lisikudanganye.

Kino ni msafiri kijana, mwepesi wa bastola, anayezunguka na pikipiki iitwayo Hermes. Pikipiki hiyo inazungumza, na hakuna anayeshangaa. Kila nchi ina desturi yake ya ajabu, na Kino hakai popote zaidi ya siku tatu. Muda huo unatosha, anasema. Akizidisha, huenda akalowea. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kino huondoka jembe likiwa bado ukutani, na kwa kuwa halimi na wenyeji, hawapangii cha kupanda.

Chukua ile nchi iliyompindua mfalme na kuamua kila jambo kwa kura. Wengi wape. Lakini waliopinga uamuzi wa wengi wakaonekana wasaliti, wakauawa, kwa kura vilevile. Kura ikafuata kura hadi Kino anapofika anakuta makaburi na mtu mmoja. Kabla ya hapo walikuwa wamebaki watatu: yeye, mkewe na rafiki yao. Rafiki akataka kuhama, akashindwa kwa kura mbili dhidi ya moja, akauawa. Kisha mke akafa kwa maradhi. Tocqueville, mwanafikra Mfaransa wa siasa, aliandika kurasa nyingi kuhusu udhalimu wa walio wengi. Sigsawa anautembeza hadi mwisho wake katika sura moja fupi. Tena mtu yule anawasihi Kino na Hermes wabaki naye. Wanakataa wote wawili, na hesabu anaijua mwenyewe.

Kino hamhubirii. Hata katika kisa cha reli, anapokutana na mzee anayezisugua ziwe safi, kisha mwingine anayezing'oa, kisha wa tatu anayezitandika upya, hamwambii yeyote habari za wenzake. Wanafunzi wangu hugombana sana hapo: je, kunyamaza huko ni heshima au ukatili? (Mimi naegemea ukatili.)

Si visa vyote vina uzito huo. Vingine ni mizaha, na Sigsawa ana mchezo wa kuweka tamati yake, yale maneno ya mwandishi ambayo kwa kawaida hufunga kitabu, popote, hata katikati ya kitabu.

Kisa kinachonisumbua ni cha uwanja wa mapambano, ambako wageni hulazimishwa kupigana ili kumburudisha mfalme, na mshindi hupewa haki ya kutunga sheria moja. Katika fainali Kino anafyatua risasi inayomuua mfalme. Kisha anatunga sheria yake: wenyeji wapigane wao kwa wao, atakayebaki awe mfalme. Halafu anawasha pikipiki na kuondoka.