Linokati ni nini, na kwanini iliendana sana na picha za mjini

Linokati ni picha inayochapwa kutoka kwenye kipande cha linoleamu kilichochongwa. Linoleamu ni ile ya kutandika sakafuni, ilianza kutengenezwa Uingereza miaka ya 1860 kwa mafuta ya kitani na unga wa koki juu ya kitambaa cha juti, usiichanganye na kapeti la plastiki la siku hizi. Unachonga unaondoa usichotaka kionekane, kinachobaki juu ndio kinashika wino, unapitisha rola, unalaza karatasi alafu unasugua kwa mgongo wa kijiko, na picha inatoka imegeuka, kushoto inakuwa kulia.

Sasa utamu wake uko hapa: lino haina nyuzi kama mbao, kwahiyo patasi inakata kona na duara bila shida, ila vitu vidogo vidogo vinakusumbua, ukibana mstari sana unameguka, manake msanii analazimika kuacha madoido yote abaki na maumbo makubwa na mwendo tu. Na mji wa miaka ya 1920 ulikuwa ndio hivyo, mabasi, treni za chini ya ardhi, watu mbio mbio!

Claude Flight, msanii Mwingereza, ndio aliliona hili vizuri. Kwenye picha yake ya Speed, ya mwaka 1922 hivi, mabasi yanapita Regent Street hapo London na majengo yenyewe yamepinda kama yanavutwa na ule mwendo. Kuanzia 1926 akawa anafundisha Grosvenor School of Modern Art, shule ya sanaa hapo London, na alitaka picha hizi ziuzwe bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu, wazo ambalo mimi nalipenda mno.

Ninayempenda hasa ni Cyril Power, msanifu majengo aliyekuwa kwenye kundi hilo hilo la Grosvenor School. The Tube Train, ya mwaka 1934 hivi, ni ndani ya behewa: abiria wamebanana, magazeti yamefunguliwa, kila mtu na lake, na behewa lote limejikunja kuwazunguka.

Jambo la kuangalia ukiiona moja: kila rangi ina kipande chake cha lino, na kundi hili la kina Flight na Power halikuwa na kipande cha mistari myeusi ya kuzungushia maumbo. Kwahiyo tafuta pale rangi mbili zinapopandana zikazaa ya tatu, mara nyingi kivuli chote kimetoka hapo.